Sauti Yangu Iliyonitangulia Kijijini

Mama alinipigia simu asubuhi ya siku ya kura, nikiwa jikoni kwangu Tabora mjini, maziwa yakiwa karibu kufurika. Hakunisalimu. Mama yangu ni mtu ambaye hata akiwa na msiba atakuuliza kwanza umeamkaje, mvua imefika huko, watoto wazima. Siku hiyo alianza na lawama. Alisema, "Mwanangu, jambo kubwa namna hii unawatangazia watu wote, halafu mimi mama yako nalisikia kwa jirani?"

Nikamuuliza jambo gani. Akajibu: hili la wifi yake kujitoa.

Wifi yake ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, kisha akaingia kwenye ufugaji wa nyuki, na mpaka leo kijijini wanamwita Mwalimu. Kijiji chetu kiko mashariki ya Tabora, reli inakopita ikielekea Tura. Asubuhi ile shangazi alikuwa anagombea uenyekiti wa kijiji, na kilichomsukuma kilikuwa kipande cha msitu. Upande wa kaskazini wa kijiji kuna miti ya miombo ambayo watu wametundikia mizinga tangu enzi za babu zao. Maneno yalikuwa yameanza kuzagaa kwamba kuna mtu kutoka mbali anapataka pale, asafishe, alime tumbaku. Mgombea mwenzake alikuwa mnunuzi wa mazao, mcheshi, hodari wa kukumbuka majina ya watoto wa kila mtu, na kila alipoulizwa habari ya msitu alijibu kwa neno maendeleo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewahi kuwapeleka wagonjwa wengi hospitali kwa gari lake.

Nilimwambia mama sijatangaza kitu. Nilikuwa hata redioni, kwenye kazi yangu ya utangazaji, siendi. Mkuu wangu wa kazi alinipa likizo wiki ile ya uchaguzi kwa sababu damu yangu iko kwenye kinyang'anyiro. Mama akasema polepole, kama mtu anayeogopa kunikosea, "Lakini nimekusikia kwa masikio yangu."

Niliwahi kufikiri kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kunisemea uongo mbele ya mama yangu.

Jirani wa mama alinitumia kile walichokisikia. Kilikuwa kimewekwa kwenye kundi la kijiji kwenye simu, alfajiri, watu wakiwa wanaamka. Nilikisikiliza nimesimama, mwiko mkononi. Ilikuwa sauti yangu. Sisemi ilifanana na yangu. Ilikuwa na ule mkwaruzo mdogo ninaokuwa nao asubuhi kabla ya kunywa kitu cha moto, na ilishuka mwishoni mwa sentensi kama ninavyoshusha mimi, jambo ambalo nilifundishwa miaka mingi iliyopita na mtangazaji mwenzangu aliyesema msikilizaji asiachwe akining'inia. Ilisema kwamba taarifa iliyotufikia hivi punde inaeleza kuwa mgombea wa kike katika kijiji chetu, na ikakitaja kijiji, amejitoa kutokana na hali ya afya yake. Kwa hiyo mgombea aliyebaki amepita bila kupingwa, na wananchi wanaombwa kuendelea na shughuli zao za kila siku. Mwisho ikawatakia asubuhi njema.

Nilirudia kuisikiliza nikitafuta mahali ilipokosea. Sikupaona. Kwa kitambo kifupi, na jambo hili nimelisema kwa watu wachache sana, nilijiuliza kama kweli sikuyasema maneno yale. Nilikumbuka siku zangu za nyuma mbili tatu, nikazipitia kama mtu anayepekua mifuko ya nguo. Maziwa yakamwagika, harufu ya kuungua ikanirudisha.

Ili mtu aelewe hatari yake, inabidi ajue siku ile ilikuwaje. Mvua ya kwanza ya kupandia ilikuwa imenyesha jana yake. Kijijini kwetu mvua ya kwanza ikinyesha hakuna anayekaa nyumbani bila sababu, mbegu haingoji. Watu walikuwa wamejibana wapige kura mapema ndipo waende mashambani. Sasa redio, kwa sauti wanayoiamini, imewaambia hakuna kura ya kupiga. Nani angeacha jembe?

Nilimpigia shangazi. Simu yake iliita bila kupokelewa. Baadaye nilijua alikuwa ameiacha ndani akaenda kwa jirani aliyejifungua. Nikapanda bajaji mpaka redioni.

Mkuu wangu alinisikiliza mlango ukiwa umefungwa. Fundi mitambo wetu, mwanamume wa rika langu ambaye tulianza kazi karibu pamoja, alichukua simu yangu, akaweka vile visikizio vyake vikubwa masikioni, akafumba macho. Alipovitoa alisema siku hizi kuna programu inayolishwa sauti ya mtu mpaka ijifunze kusema kama yeye. Haihitaji kulishwa nyingi. Dakika chache zinatosha.

"Na wewe," akasema, "umewapa miaka."

Nilimwomba mkuu aniruhusu niingie hewani nikanushe. Akakataa, na mpaka leo siwezi kusema alikosea. Siku ya kura hakuna kampeni. Mimi ni mpwa wa mgombea, niko likizo kwa sababu hiyohiyo. Nikiingia hewani kusema shangazi yangu bado anagombea, kesho yake redio itaitwa kujieleza. Alikubali mwenzangu asome maneno machache: kwamba kuna taarifa inayosambazwa kwa sauti ya mtangazaji wetu, kwamba haikutoka kwetu, na kwamba wananchi wafuate maelekezo ya wasimamizi wa vituo. Mwenzangu aliyasoma vizuri. Haijapita hata robo saa, kwenye kundi la kijiji mtu mmoja akaandika: kama kweli si yeye, mbona hajaisoma mwenyewe? Wengine wakaweka vidole gumba chini yake.

Hapo nikaona hakuna njia nyingine. Nikachukua bodaboda.

Barabara ya kwenda kwetu ukiiacha lami huwa nyekundu, na mvua ya jana yake ilikuwa imeifanya utelezi. Dereva alikwenda kwa tahadhari mimi nikitamani aruke. Tulipoanza kuingia kwenye mashamba ya kijiji niliona nilichokuwa nakiogopa: watu wako shambani. Baba mmoja na mkewe na jozi ya maksai, wanalima. Mbele kidogo akina mama wameinama wanapanda. Nilimwambia dereva asimame. Nikashuka, nikavuka mtaro, nikawasalimia kwa sauti kubwa. Yule baba alinijibu kwa uchangamfu, akasema asante kwa taarifa, mngetuchelewesha bure.

Nilimwambia si mimi. Akacheka kwanza, akidhani ni utani. Nilipomweleza kwamba sauti ile imetengenezwa na mashine, kicheko kikaisha, ila hakikufuatiwa na imani. Alinitazama jinsi unavyomtazama mtu unayemfahamu aliyekujia akinuka pombe. Akamtazama mkewe. Akasema kwa upole kwamba maksai akishafungwa nira si vizuri kumfungua njiani, watajaribu kuja baadaye.

Kituo cha kura kilikuwa darasa la shule aliyokuwa akifundisha shangazi. Foleni ilikuwa fupi mno kwa saa ile. Nilianza kuwaeleza waliokuwepo, na msimamizi wa kituo akanijia, kijana mstaarabu aliyevaa kitambulisho shingoni, akaniambia haruhusu mtu yeyote kuzungumzia wagombea eneo lile. Nilimwambia sipigi kampeni, ninakanusha uongo. Alijibu kwamba hana namna ya kujua uongo ni upi. Anachokijua yeye ni kwamba majina yote mawili yako kwenye karatasi, na yeyote atakayekuja atapewa karatasi. Nikamwomba basi atangaze hilo tu. Akatoka mlangoni akalitangaza, kwa watu ambao tayari walikuwa wamekuja.

Nikatoka nje ya eneo la shule, nikasimama njia panda ambapo njia ya shuleni inakutana na ya kisimani. Kila aliyepita nilimsimamisha. Wengi walikuwa watu walionijua tangu nikiwa mtoto. Niliwaambia msiamini sauti ya kwenye simu, hata ikiwa yangu. Niamini mimi niliyesimama hapa. Niliyasema maneno hayo mara nyingi mno siku ile, nikiwa na matope mpaka magotini.

Mzee mmoja, rafiki wa baba, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa simu yake kwenye mfuko wa koti, akaicheza ile sauti, akaishika karibu na uso wangu, akaniomba niseme tena nilichosema. Nikasema. Akatikisa kichwa. "Sauti ni moja," alisema. "Moja inasema amejitoa, moja inasema hajajitoa. Na wewe ni mtoto wa kaka yake. Sasa mimi nifanyeje?"

Jibu lilikuja kwa miguu yake. Shangazi alitokea njia ya kisimani amefunga kitenge chake kizuri, amebeba mwavuli, anakwenda kupiga kura. Alikuwa hajui lolote. Alimsalimia mzee, akaniuliza mbona nimechafuka hivyo na nimekuja saa ngapi. Mzee akamuuliza kama ni mgonjwa. Akajibu kwamba ni mzima wa afya, labda goti. Mzee akarudisha simu mfukoni, akageuka, akaenda naye mpaka darasani.

Habari kwamba Mwalimu ameonekana mzima kwenye foleni ilikwenda haraka kuliko nilivyoweza kuipeleka mimi. Mchana watu walianza kurudi kutoka mashambani, na mikono yao ina udongo. Yule baba wa maksai sikumwona. Wingu lilijikusanya upande wa Tura, mvua ikashuka kubwa, vijito vikajaa, na waliokuwa mashamba ya ng'ambo wakakwama hukohuko. Kura zilipohesabiwa, shangazi alishindwa kwa tofauti ndogo sana. Watu wake walitaka akate rufaa. Alisema hawezi kuthibitisha nani alibaki shambani kwa ajili ya ile sauti na nani kwa ajili ya mvua. Alimpa mshindi mkono. Mimi nililia kwa hasira nyuma ya nyumba ya mama. Mama alikuja akaketi kando yangu, akaniomba radhi kwa kuniamini pale ambapo sikuwa mimi.

Tulipeleka malalamiko panapohusika. Tuliulizwa maswali, tukaitwa tena, kisha hatukuitwa. Namba iliyoweka ile sauti kwenye kundi ilikuwa haipatikani tangu jioni ileile.

Nilirudi kazini nikidhani jambo limekwisha. Ilikuwa imebaki sehemu mbaya zaidi.

Mwezi wa kwanza, mlinzi wetu alikuja kuniambia kuna mgeni wangu nje. Nikamkuta mwanamume mtu mzima ameketi kwenye benchi, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alikuwa ametoka Usinge kwa treni. Alianza kwa kuniomba samahani kwa usumbufu. Wiki iliyopita, akasema, alinisikia nikisoma tangazo la kifo cha mdogo wake aliyekuwa akiishi hapa mjini, na kwamba maziko ni kesho yake, ndugu wa Usinge wapewe taarifa. Simu za huku zilikuwa hazipatikani. Alianza kufunga safari. Majirani wakamzuia. Wakamwambia sauti ya huyo mama siku hizi hutengenezwa, ilishatumika kwenye uchaguzi, usikurupuke. Pengine ni watu wanaotaka uache nyumba yako peke yake. Akangoja mpaka simu ishike. Iliposhika, mdogo wake alikuwa ameshazikwa.

Nilimpa pole. Nilimwambia nakumbuka tangazo lile, ni mimi niliyelisoma, na lilikuwa la kweli.

Akaitikia kwa kichwa. Alisema kaburi ameshalionyeshwa, anajua ni kweli. Ila alikuwa na ombi ambalo huenda nikaliona la ajabu. Aliomba nilisome tena, mbele yake, aone ninavyolisema.

Nilikaa naye benchi moja nikalisema lote kama nilivyolikumbuka. Jina la marehemu, la baba yake, mahali alipofia, mahali atakapozikwa. Aliitazama midomo yangu mpaka mwisho. Kisha akavaa kofia, akashukuru, akaenda zake stesheni. Mimi nilibaki pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Tangu siku ile nilianza kuogopa kipaza sauti, jambo ambalo halikuwahi kunipata hata siku yangu ya kwanza kazini. Nilisoma taarifa za kweli nikisikia jinsi zinavyoweza kuwa za uongo.

Mahindi yalipoanza kubeba nilikwenda kijijini kumwona mama. Siku ile wafugaji wa nyuki walikuwa na kikao kwenye ghala lao la asali, shangazi akanikokota niende naye, akisema nitakula asali na masega yake badala ya kukaa nimenuna. Nikaketi karibu na mlango. Kikao kilipokuwa kinaelekea mwisho mwenyekiti wa kijiji, yule mnunuzi wa mazao, aliingia, mchangamfu kama kawaida yake, akasalimia kila mtu kwa jina. Walimuuliza habari za msitu. Nadhani alikuwa amechoka kuulizwa. Alisema bila kupandisha sauti, "Lile eneo nimeshampa mtu. Hamisheni mizinga mapema, msije mkasema hamkuambiwa." Mzee mmoja alimuuliza amempa kwa mkutano upi. Akajibu kwamba mikutano itafuata, maendeleo hayangoji mikutano. Alikuwa amesimama mahali ambapo ningenyoosha mkono ningemgusa.

Mmoja wa wafugaji alikuwa amewasha simu anarekodi. Hakuificha wala hakuitangaza. Siku chache baadaye kijiji kizima kilikuwa na rekodi ile, na mkutano mkuu wa kijiji ukaitishwa.

Nilikwenda. Mkuu wangu aliniasa nisiende, au nikienda nisiseme. Alisema redio haiwezi kuwa upande wowote. Nilimwambia nakwenda kama mtu wa kijiji kile.

Walikuja wengi kuliko niliowahi kuwaona kwenye mkutano wowote pale, wakajaa uwanja wa shule. Mwenyekiti aliketi mbele na mtendaji wa kijiji, ambaye kazi yake ni kuandika kinachoamuliwa. Nilitegemea mwenyekiti akwepe. Hakukwepa. Alisimama, akatoa simu yake mwenyewe, akaiweka mbele ya kipaza sauti, akaicheza ile rekodi yote mpaka mwisho. Walisikika watoto wa chekechea tu, upande wa pili wa jengo.

"Mmesikia," alisema. "Sauti ni yangu. Maneno si yangu."

Watu wakaguna. Akangoja waishe. Kisha akatafuta kwa macho mpaka akaniona, akanyoosha mkono wake kwangu, si kwa ukali, kama anayemkaribisha mgeni.

"Dada yetu mtangazaji yupo hapa. Siku ya kura alisimama pale njia panda, kwenye matope, akatuambia tusiamini sauti ya kwenye simu hata ikiwa yake. Mimi siku ile nilimwamini. Nilimhurumia. Leo yamenikuta mimi. Ninaomba na yeye anihurumie."

Kuna waliopiga makofi. Niliona vichwa vikiitikia, na vilikuwa vichwa vya watu wema, watu waliotoka mashambani siku ile wakaja kumpigia shangazi kura kwa sababu waliacha kuiamini ile sauti. Walikuwa wamejifunza nilichowafundisha.

Nilisimama. Nilisema ni kweli niliyasema, na ninayasema tena. Nikasema lakini hili silijui kwa kulisikia kwenye simu. Nilikuwepo ghalani. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango, na yeye alikuwa amesimama mbele yangu, na maneno haya niliyaona yakitoka kinywani mwake.

Alinisikiliza kwa adabu. Akasema, "Dada, wewe ni mpwa wa mtu niliyemshinda. Ungesema nini kingine?"

Nikatazama walikokaa wafugaji wa nyuki. Walikuwemo ghalani karibu wote. Mmoja aliinuka nusu, mkewe akamvuta shati. Yule aliyerekodi alikuwa ameinamisha kichwa. Kijiji kilikuwa kimeshaanza kusema amelipwa kuitengeneza. Kando yangu mama mmoja niliyesoma naye alisogeza kigoda chake kidogo, akaweka nafasi kati yetu. Sidhani alijua kwamba amefanya hivyo. Nikakaa. Nilikuwa nimesema kweli kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana, mbele ya watu, na ilikuwa imeanguka chini bila hata kishindo.

Shangazi akanyoosha mkono. Mtendaji akampa nafasi. Alikwenda mbele polepole kwa sababu ya goti lake, na alipofika hakuutazama umati, alimtazama mwenyekiti tu, nami nikakumbuka jinsi alivyokuwa akimtazama mtoto aliyechelewa shule.

Alisema tuache simu. Alisema hata yeye hawezi kuapa kuhusu kitu chochote kinachotoka kwenye simu siku hizi. "Mwenyekiti, uko hapa, na sisi tuko hapa. Tuambie sasa. Eneo la mizinga umelitoa, au hujalitoa?"

Nilimwona akihesabu ndani ya kichwa chake. Akisema amelitoa, rekodi ni ya kweli na yeye ni mwongo mbele ya wote.

"Sijalitoa," akasema.

Shangazi akamuuliza kama anaweza kulitoa bila mkutano huu kukubali. Akajibu kwamba sheria hairuhusu. Shangazi akamgeukia mtendaji, akamwomba aandike majibu yote mawili, kisha akaomba mkutano uamue kwa mikono kwamba eneo lile linabaki la mizinga, kwa kuwa kumbe halijatolewa na hakuna anayeumia.

Mikono ilipanda. Kwanza wafugaji, kisha wengine nyuma yao, akina mama, vijana wa bodaboda waliosimama ukutani. Mzee rafiki wa baba alipandisha mkono huku ametazama ardhi. Mwenyekiti alitazama uwanja wote, akatabasamu, akapandisha wa kwake. Alikuwa hana namna nyingine.

Tulirudi na shangazi kwa njia ya kupitia miombo. Alikuwa amechoka, ananiegemea. Nilimwambia inaniuma kwamba mwenyekiti ameondoka pale msafi. Watu wengine mpaka wanakufa wataamini alisingiziwa, na mimi nilisema uongo kwa ajili ya undugu. Alisema anajua. Alisema lau angetaka kumwaibisha angeshindwa, maana hakuna aliyekuwa na hakika ya kutosha ya kumwaibishia mtu. "Nilichotaka ni msitu," alisema, na akaniomba tupumzike kidogo kwa ajili ya goti. Juu yetu nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwenye mzinga wa gome bila kutujali.

Msitu bado upo. Trekta lililosemekana ni la yule mtu wa tumbaku, lililokuwa limeegeshwa tangu mvua kando ya barabara liliondoka siku moja, na hakuna aliyeuliza limekwenda wapi.

Mwaka huu nilikutana na mwenyekiti stesheni ya Tabora. Nilikuwa nimekuja kupokea mzigo, yeye anamsubiri mgeni. Alinijia mwenyewe, akaniuliza habari za mama na za goti la shangazi, akasema wanamsikiliza mtangazaji wao kila siku na wanajivunia. Nilijibu inavyopasa. Kisha akauliza kama imeshajulikana ni nani aliyetengeneza ile sauti ya siku ya kura.

Nikamwambia bado.

"Pole sana, dada," alisema. "Ulidhulumiwa."

Nilimtazama usoni muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nimefanya kazi ya kusikiliza watu maisha yangu yote, na alikuwa amesimama karibu nami kama siku ile ya ghalani, hakuna simu kati yetu, hakuna mashine. Nilitafuta kwenye macho yake, kwenye sauti, kwenye namna alivyoshika funguo za gari. Sikuweza kujua kama aliyeitengeneza ni yeye. Treni ilikuwa inaingia, watu wakaanza kusukumana kuelekea mabehewa, akaniaga kwa mkono, nikaupokea.